Bunduki Tatu za Al-Safa

Sikumpenda baba, na yeye hakunipenda. Naliweka hilo mbele kwa sababu kila ninaposimulia habari za bunduki zake, watu huniuliza kama nilisema vile kwa ajili ya haki au kwa ajili ya chuki. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivyo viwili, nimeshindwa.

Baba ndivyo sisi madereva wa Kenya tunavyowaita waajiri wetu huku Saudia, na wake zao tunawaita madam. Huyu wangu alikuwa mstaafu wa miaka sitini na kitu, mwenye nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wangu kisheria: ikama yangu, yaani kibali changu cha kukaa nchini, ilikuwa chini ya jina lake, na pasipoti yangu ilifungiwa kabatini mwake. Nilimwendesha miaka mitatu. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuniita kwa jina. Akitaka nipinde kulia alinigonga bega la kulia kwa fimbo yake ya kutembelea. Akitaka kushoto, alinigonga la kushoto. Akikasirika alinigonga kisogoni.

Madam hakuwa nafuu. Mwaka wangu wa kwanza simu yake ilipotea, akasema ni mimi. Nilisimamishwa uani juani, mifuko imegeuzwa nje, begi langu la nguo limemwagwa kwenye vigae, hadi simu ikapatikana kwenye mkunjo wa kochi. Hakusema samahani. Alisema, "Halas, yamekwisha, rudi kazini," kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeomba mapumziko.

Baba alikuwa na bunduki tatu za kuwindia, zote zina leseni. Mbili alizinunua mwenyewe zama zile alipokuwa akienda jangwani na wenzake kuwinda ndege. Ya tatu, ya mitutu miwili, ilikuwa ya marehemu baba yake, na kitako chake kilikuwa kimekwisha rangi mahali shavu la yule mzee lilipokuwa likilala. Zilikaa kwenye kabati la chuma ndani ya majlisi, kile chumba cha wageni wa kiume, na ufunguo alitembea nao.

Aligundua kwamba najua bunduki siku moja nilipoingiza katoni za maji nikamkuta anahangaika na ile ya mitutu miwili. Alikuwa ameikunja katikati, nayo haikubali kurudi. Nikasema, kwa Kiarabu changu cha kuokota barabarani, "Baba, kuna uchafu hapo kwenye bawaba."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Wewe umejulia wapi?"

Nikamwambia. Kuanzia wiki hiyo, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, nilipewa mafuta na vitambaa nikazisafisha zote tatu, yeye akinisimamia. Nilijua si ruhusa mgeni kama mimi kushika silaha ya mtu, na nilimwambia hivyo mara moja. "Mafi mushkila," alisema, hakuna tatizo. Kwake yeye halikuwepo.

Nilichomwambia siku ile ni kwamba kwetu nilikuwa polisi wa akiba. Natoka bonde moja kaskazini mwa Kenya ambako wezi wa mifugo huja na bunduki. Watu wachache wa kila kijiji tulipewa silaha na serikali tulinde watu wetu. Tukatia sahihi, nambari zikaandikwa. Hatukuwa na mshahara. Nilikaa na bunduki yangu ya G3 miaka saba, ikilala kando ya kitanda changu, na hakuna aliyewahi kusema nimeitumia vibaya. Kisha binamu yangu, ambaye tulikuwa tunagombania mpaka wa shamba, akaenda kituoni akasema naikodisha kwa wezi. Siku ile ile walikuja wanne na gari. Mkubwa wao alisema, "Tumeletewa habari." Nikauliza ni habari gani, na imeletwa na nani. Akasema, "Utaitwa ujieleze." Nilitia sahihi kwamba nimeirudisha. Sikuitwa. Nilikwenda mwenyewe mara tatu, na kila mara niliambiwa faili liko kwa mkubwa mwingine.

Wiki ya tatu wezi walikuja alfajiri. Walijua nyumba ipi haina bunduki. Kaka yangu alitoka na upinde, akapigwa risasi penye mlango wa zizi, akafa kabla jua halijapanda. Mke wangu na watoto walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni, nami kifudifudi kando yao, mikono mitupu. Hilo ndilo ambalo sijalisamehe, si kwa binamu yangu wala kwa nafsi yangu. Miezi michache baadaye nilikuwa Saudia.

Baba alikipenda kisa hicho. Habari za kaka yangu zilimpita tu. Alichokipenda ni ile sehemu ya kunyang'anywa. "Mnaona?" aliwaambia wageni wake, akininyooshea fimbo. "Mtu mmoja anasema neno, na mwanamume anavuliwa silaha yake nyumbani kwake. Hata hawamwulizi." Wageni walitikisa vichwa. Wengi wao pia walikuwa na bunduki, na walizungumza kwa uchungu juu ya leseni kufutwa, jirani mwenye husuda, mke aliyeamka na hasira, shemeji anayetaka kulipiza kisasi. Nami nikiwa nimesimama mlangoni na birika la kahawa, niliafikiana nao kwa moyo wangu wote. Ndilo jambo pekee ambalo mimi na baba tuliwahi kuafikiana.

Alhamisi moja aliinua ile ya mitutu miwili akanielekezea kifuani. Nilikuwa nimepiga magoti zuliani, kitambaa mkononi, hatua nne kutoka kwake.

"Haya, polisi," alisema akicheka. "Wezi wamekuja. Utafanya nini?"

"Baba, iteremshe."

"Mafi risasi. Ogopa kidogo!"

"Baba, teremsha mtutu."

Aliendelea kuishikilia. Niliona kidole chake kiko ndani, kwenye kifyatuo, badala ya kukaa ubavuni kama anavyokiweka mtu aliyefunzwa. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha akachoshwa na mchezo akanisukumia bunduki. Nikaikunja. Mtutu wa kushoto ulikuwa mtupu. Wa kulia ulikuwa na risasi, ganda lake jekundu, nzima kabisa.

Niliichomoa nikaiweka kwenye sinia la vikombe mbele yake. Alipoiona, uso ulimbadilika. "Nani ameiweka?" aliuliza. Hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo. "Nani ameiweka?" alirudia, safari hii kwa sauti, akinitazama mimi. Kisha akaitia risasi mfukoni mwa kanzu. "Halas. Nenda kaoshe gari."

Niliosha gari. Nilimwaga ndoo mara mbili. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Ningesema nilikuwa nafanya nini na bunduki zile?

Hakuniita tena kuzisafisha, lakini nilizidi kuziona. Madam alikuwa anataka kuhamia Riyadh kwa dada yake, baba hataki, na nyumba nzima ilinuna. Wapishi walitembea kwa ncha za vidole. Mara mbili nilipita mlango wa majlisi nikamkuta ameketi peke yake, ile ya mitutu miwili magotini. Mara ya pili madam alikuwa amesimama mbele yake akimdai vitambulisho vyake. Baba aliipapasa bunduki kama mtu anavyompapasa paka. "Atakayetoka nyumba hii," alisema, "atatoka nikitaka mimi."

Madam aligeuka akaniona mlangoni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni.

Kesho yake nilimpeleka Al-Nuzha, kwa kaka yake. Tulipofika kwenye taa za kwanza alisema, "Ndugu yangu." Nilitazama kwenye kioo kuona kama anazungumza na simu.

"Ndugu yangu, ukiulizwa, utasema ulichokiona?"

"Madam, mimi ni dereva tu."

"Nimekuuliza."

"Ulinimwagia nguo zangu uani," nilisema. Sikujua kama nilikuwa na maneno hayo karibu kiasi hicho. "Simu ikapatikana, na hukusema hata neno."

Tulifika hadi taa za pili. "Nilikosea," alisema, kwa namna ya mtu anayetema mbegu. "Sasa utasema au husemi?"

Nilimshusha, nikamsubiri saa mbili garini, nikamrudisha, na hatukuongea tena.

Siku mbili baadaye polisi walikuja, watatu, baada ya alasiri. Walikuwa na adabu. Walimwomba baba afungue kabati, wakazitoa bunduki moja moja, wakasoma nambari, wakaandika, wakampa karatasi atie sahihi.

"Nimefanya nini?" Baba alikuwa akipiga kelele hadi majirani wakachungulia. "Nimemgusa nani? Nionyesheni hukumu! Mwanamke anakasirika, na nyinyi mnachukua kitu cha marehemu baba yangu?"

Yule mkubwa wao alijibu taratibu kwamba zinashikiliwa tu hadi shauri litazamwe. "Utaitwa ujieleze," alisema.

Alilisema kwa Kiarabu, lakini lilikuwa neno lile lile la kwetu. Nilikuwa nimeshikilia lango ili wapite. Kwa kitambo kifupi, na sioni haya kusema, nilitaka kulifunga wasitoke nazo.

Kesho yake niliitwa mimi. Waliniletea mkalimani, mzee mwenye asili ya Unguja ambaye wazazi wake walihamia Hijazi baada ya mapinduzi. Alizaliwa hapahapa Jeddah, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwao.

"Hebu kaa kitako, mwanangu," aliniambia. "Sema ulichokiona kwa macho yako mwenyewe. Cha kusikia kiwache huko nje."

Ningeweza kusema mafi, sijaona kitu, nami ni mgeni. Afisa aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini. Nilifikiria G3 yangu ikipakiwa kwenye gari na mimi nikitazama. Kilichonijia baadaye ni ile fimbo kisogoni mwangu, na kile kidole ndani ya kifyatuo. Nikasimulia yote. Nilisimulia alivyoketi na bunduki magotini, alivyomwambia mkewe, alivyonielekezea mimi, na risasi niliyoitoa. Nilisimulia na zile Alhamisi zangu.

Mkalimani alinisogelea. "Hilo la kuzishika wewe, wataka nilitie? Litakurudia mwenyewe."

"Litie."

Afisa aliuliza kitu. Mzee akanigeukia: "Anauliza, una ugomvi naye, huyo bwana?"

"Ndiyo. Simpendi."

"Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akasema hivyo hivyo, na afisa akaandika hilo pia. Nilipewa onyo la kutoshika tena silaha isiyo yangu, nikaachiliwa.

Mchana ule nilimpigia mke wangu nikiwa nimeegesha gari kivulini pale Al-Nuzha. Nilidhani ataniambia nimefanya vizuri, maana ni mtu wa kanisa na hapendi uongo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye binamu yako," alisema.

"Yule alidanganya. Mimi nimesema kweli."

"Yeye pia husema alisema kweli. Nilimsikia mwenyewe sokoni."

"Risasi ilikuwemo, mama watoto. Kifuani kwangu."

"Najua. Nashukuru Mungu uko hai." Kisha akaongeza: "Lakini ulifurahi walipozichukua. Nasikia kwenye sauti yako."

Nilimkatia simu. Tulikaa siku tisa bila kuzungumza, na haijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo.

Baba hakunifukuza kwa maneno. Alisimama kwenye ngazi za mbele akanitupia pasipoti, ikaangukia karibu na tairi. "Nilikuamini na bunduki ya baba yangu," alisema. "Sikuwahi kumpa hata ndugu yangu aishike." Nilipoinama kuiokota, alitema mate chini, si karibu nami sana, ila karibu vya kutosha.

Madam ndiye aliyeniokoa nisirudishwe Kenya, sitamnyima hilo. Kaka yake alimpeleka Riyadh kwa dada yake, na mume wa huyo dada akakubali kuwa kafili wangu mpya. Alikuwa na duka la udi na uvumba kule Al-Dirah, kwenye vichochoro vya soko kuu la zamani, nami nikawa dereva wa kupeleka mizigo. Alikubali kwa kulazimishwa. Siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi wake wa Kibangali mbele yangu akasema, "Huyu ana masikio. Chungeni ndimi zenu." Kuanzia hapo nilipoingia chumba cha nyuma mazungumzo yalikatika. Nilikula peke yangu juu ya katoni. Kafili huyu pia alikuwa na bunduki nyumbani, na niliambiwa mapema kwamba nikifika pale nisivuke kizingiti cha lango. Madam nilimpeleka huku na kule kama zamani. Lile neno ndugu sikulisikia tena.

Mwezi wangu wa tano kule, asubuhi ya saa nne hivi, baba aliingia dukani. Alikuwa amekonda. Nilikuwa juu ya ngazi nikipanga makopo, nikamwona kabla hajaniona. Mwenye duka, shemeji yake, alimkumbatia, akamkalisha, chai ikaja. Kisha wote wawili wakanitazama.

"Teremka," alisema baba.

Aliniwekea karatasi juu ya kioo cha kaunta, imechapwa kwa Kiarabu. Alinisomea. Ilisema kwamba sikuelewa mzaha, kwamba Kiarabu changu ni kidogo, na kwamba hapakuwa na risasi.

"Tia sahihi," alisema, "nami nitakusamehe."

"Nani amekuomba msamaha, baba?"

Mmoja wa Wabangali aliacha kupima udi.

"Wameniita mara tatu," alisema baba, sauti ikipanda. "Kila mara ninajieleza kama mwizi. Ninaulizwa ninalalaje, ninamsemesha vipi mke wangu. Kwa sababu ya dereva! Wewe mwenyewe ulinisimulia walivyokuchukulia yako. Ulijua inavyouma."

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa na risasi."

"Sikujua kama ilikuwa na risasi!"

Duka zima lilisikia. Alisikia na yeye mwenyewe, maana aliitazama karatasi yake kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Shemeji yake aliweka kikombe chini polepole. Kwa miezi mitano alikuwa ameambiwa kwamba bunduki ilikuwa tupu na mimi ni mzushi.

"Ningekuua," alisema baba. Alilisema chini chini, na sikuelewa kama ananitisha au anaungama, kwa sababu macho yake hayakuwa kwangu. Kabla sijamuuliza alikwisha kusimama. Aliikunja karatasi mara nne, akagonga mwimo wa mlango kwa fimbo kwa nguvu hivi kwamba makopo yakacheza rafuni. "Mungu akulipe," alisema, na lilikuwa laana. Akaondoka bila kumuaga mwenye duka.

Nilidhani baada ya siku ile kafili wangu angebadilika kidogo. Hakubadilika. Tena alinichukia zaidi, kwa kuwa sasa alijua sikudanganya na alikuwa amelazimika kulijua mbele ya watu wake. Ila Wabangali walianza kuniachia nafasi kwenye mkeka wa chakula.

Mwaka ulipoisha shauri liliisha. Ni huyo huyo mwenye duka aliyeniletea habari, nilipokuwa napakia gari uchochoroni. Madam alikuwa amepata talaka yake na ataendelea kukaa Riyadh. Baba alirudishiwa zile bunduki mbili alizonunua mwenyewe. Ile ya mitutu miwili iliandikishwa kwa jina la mdogo wake.

"Unaona?" alisema. "Amerudishiwa. Hajamuua mtu yeyote. Kelele zako zote zile zilikuwa za nini?"

Nilikuwa na katoni mikononi. Nilifurahi kwamba hakuna aliyekufa, na nilichukia kwamba amerudishiwa. Tena kulikuwa na sehemu yangu nyingine, ile iliyotoka bondeni, ambayo iliona ni sawa arudishiwe, kwa kuwa angalau palikuwa na mtu aliyeketi mezani akamsikiliza, akatazama, akaamua. Vyote vitatu vilikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja, na Kiarabu changu hakikutosha kueleza hata kimoja. Nikamwambia sijui.

"Hujui," alisema. "Yalla, sogeza gari, umeziba njia ya watu."

Nikaweka katoni ndani, nikafunga mlango wa nyuma, nikaenda kulisogeza.